Nyumba Isiyopigwa Hodi

Kwetu hakupigwi hodi. Ukija nyumbani kwetu Ansab, hapa Maskati, utabonyeza kengele ya getini, na ukishaingia utatoa salamu ya Mungu, basi. Tangu nipate akili hiyo ndiyo sheria, na aliyeitunga ni baba yangu, Hamood bin Aziz, ambaye maishani mwake ametunga sheria nyingi, nyingine za nchi nzima. Utotoni nikimwuliza sababu alinipa somo: hodi ni neno la watu tu, salamu ndiyo haki ya mwenye nyumba mbele ya Mungu. Nikaridhika. Mtoto wa mwalimu hujifunza mapema kuridhika, la sivyo somo huwa refu.

Zamani hizo, Unguja ikiwa chini ya Waingereza, Baba alikuwa mtu mkubwa. Alianza kuwa mwalimu wa historia, akaingia siasa, akachaguliwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Ulimi wake ulikuwa na sifa. Watu walitoka Mkokotoni kuja kuusikiliza, na wengine walitoka hukohuko Mkokotoni kuja kuuzomea. Nimesimuliwa kwamba akipanda jukwaani aliweza kumsema mpinzani wake kwa utani mpaka mpinzani mwenyewe akacheka, na kesho yake majirani wawili wa mtaa mmoja wakawa hawauziani mkate kwa sababu ya utani huohuo.

Akishuka jukwaani aliandika. Kitabu chake cha historia ya miji ya pwani kimo katika maktaba za vyuo, na mimi bintiye nimekisoma mpaka nimechoka, kwa hivyo nina haki ya kukisema. Milango ya kuchonga ameiandikia sura nzima. Utumwa ameuandikia ukurasa mmoja na nusu. Na kitabu chenyewe kinakatika Disemba ya mwaka 1963, siku ya uhuru, bendera ikipandishwa, basi. Mwezi uliofuata haumo. Maprofesa wamefunga safari mpaka hapa Maskati na vinasa sauti vyao kuja kumwuliza habari za Januari, mapinduzi yalipotokea. Huwapa halua na kahawa, akawaambia kuwa hayo bado mabichi. Miaka sitini yamekuwa mabichi.

Baada ya hiyo Januari alifungwa, akafunguliwa, akazunguka Mombasa, Kairo na Dubai, na mwanzoni mwa miaka ya sabini akaja Oman na mimi nikiwa bado mtoto wa skuli. Hapa hajagusa siasa hata kwa ncha ya kidole. Mtu akimpigia simu na kutaja uchaguzi wa kule, huongeza sauti ya televisheni kisha akakata simu. Hakai akaupa mgongo mlango. Gari likisimama nje ya nyumba bila kuzimwa, huacha kula. Nimelelewa ndani ya hofu ya mtu mwingine, nikaizoea, nikaolewa nayo, nikazaa nayo, na sikujua ni hofu ya nini hasa.

Sasa anakaribia miaka mia, na tangu mwaka jana akili yake imeanza kurudi nyuma. Siku nyingine yumo Maskati, siku nyingine yumo Unguja na ana mkutano wa hadhara alasiri. Daktari alituambia tusimwache akajifungia, tukatoa funguo za milango yote ya ndani. Ufunguo wa chumba chake hatukuuona, tukasema umepotea. Nasema "tukasema" kwa sababu mwanangu Majid ndiye aliyetumwa kuutafuta, na Majid hutafuta kitu kwa macho, mikono iko kwenye simu.

Violeth alikuja kwetu baada ya Ramadhani, kutoka Singida, kumtunza Baba. Mkristo, mcheshi, mchapakazi, na mkaidi wa kimyakimya. Siku ya kwanza nikamwelekeza: ukiingia kwa Babu usigonge, wala usipige hodi, sukuma mlango polepole, sema "Assalaamu alaykum." Akajibu, "Sawa mama." Nikadhani yamekwisha.

Kumbe hayakwisha. Violeth aliona haya. Kwa akili yake, salamu ile ni ya Waislamu, na yeye akiitamka ataonekana anaichezea dini ya watu ndani ya nyumba yao. Kwa hivyo wiki zote zile alikuwa akiingia kwa Baba kimya, kwa kunyata, na jambo hilo lilimchoma roho, maana alikolelewa yeye, kuingia chumbani kwa mtu mzima bila kuita ni utovu wa adabu. Haya yote alinieleza baadaye, huku analia. Laiti angenieleza kabla.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, jua la Julai linapasua mawe. Baba alikuwa chumbani mwake na vitabu vyake. Mimi nilikuwa jikoni, nakaanga kachori. Violeth akachukua chetezo, makaa yameshika vizuri na ubani juu yake, kumpelekea Babu kama kila Alhamisi. Mikono imejaa, moshi unamwingia machoni, adabu zikamzidi. Akasimama mlangoni, akaita kwa sauti nzuri kabisa:

"Hodi!"

Na mimi, mwendawazimu, mikono ina unga, nikaitika kutoka jikoni:

"Karibu!"

Lilinitoka lenyewe. Mswahili akisikia hodi mdomo wake hauulizi ruhusa. Nilikuwa bado nimeshika upawa, najicheka kidogo, niliposikia miguu ya Violeth ikirudi, na nyuma yake mlio wa ufunguo ukizunguka katika kitasa.

"Mama," alisema Violeth, "Babu amejifungia. Nimeweka chetezo, akanitazama tu, halafu akaja nyuma yangu kumbe ana ufunguo mfukoni."

Nikazima jiko. Nikaenda mpaka mlangoni pake nikasema kwa utulivu, "Baba, ni mie, Nasriya. Nifungulie."

Nikasikia kiti kikiburutwa. Mzee ambaye asubuhi hawezi kuinua kikombe bila kusaidiwa alikuwa anaburuta kiti cha mninga kuja kukiegemeza mlangoni.

"Baba!"

"Wako wangapi?" Sauti yake ilitokea chini, karibu na tundu la ufunguo, imekazwa mpaka imekuwa nyembamba.

"Hapana mtu, Baba. Nipo mie na Violeth."

"Usinitaje. Salma, usinitaje mbele yao. Waambie nimekwenda shamba."

Salma alikuwa mama yangu. Alikufa Januari ile, mimi nikiwa na miaka miwili. Shangazi Hamdiya, aliyenilea, aliniambia ilikuwa homa, na Baba hakuniambia chochote. Kila nilipomwuliza alivua miwani akaanza kuipangusa, na aliipangusa mpaka mimi mwenyewe nikaondoka. Sasa hapo mlangoni nilitaka kuziba masikio. Sikutaka kuendelea kusikia. Nilitaka mtu mwingine aje asimame pale badala yangu.

Ndipo nikasikia harufu. Ubani nimeuzoea, siwezi kuukosea. Hii ilianza kuwa ubani, kisha ikawa karatasi.

"Baba, unafanya nini humo?"

Kuchanika. Kurasa zilikuwa zinachanwa moja moja, bila pupa, na mtu anayejua kitabu kinashonwa vipi.

"Nazichoma," akanong'ona. "Wasizikute. Jina la mtu yeyote wasilikute."

Moshi ukaanza kutoka chini ya mlango, mwembamba, wa kijivu, ukinilamba vidole vya miguu. Nikapiga kelele. Nikampigia mlango kwa viganja, nikamwita Baba, nikamwita Hamood, nikamwambia nifungulie, nifungulie kwa haki ya Mungu, na kadiri nilivyoita ndivyo alivyonyamaza. Nikakimbilia uani mpaka dirishani kwake. Dirisha lina nondo, alizitia mwenyewe tulipohamia, nene kama za benki. Pazia limeshushwa. Nikaweka kiganja juu ya kioo nikakiondoa upesi, na sijui kilikuwa cha moto kwa jua au kwa kilichokuwa ndani.

Majid alitoka chumbani mwake akiwa na simu sikioni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ilikuwa na kazi. Alikuwa amekwisha kuwaita zimamoto. Akaingia gereji akatoka na sururu.

"Yumma, ondoka mlangoni. Nnavunja."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Atakufa na moshi!"

Akapiga. Pigo moja tu. Ule ubao ulilia, na kutoka ndani ikaja sauti ambayo sijapata kuisikia kwa baba yangu wala kwa mtu mwingine yeyote. Haikuwa kelele. Ilikuwa pumzi ikiingia na kukataa kutoka. Nikauvamia mkono wa Majid nikaning'inia nao.

"Utamwua! Anadhani ndio wao. Moyo wake hauwezi!"

"Na moshi je, Yumma? Moshi anauweza?"

 Tukivunja atakufa kwa hofu, tusipovunja atakufa kwa moshi, na watu wa zimamoto wakifika watakuja na mashoka, wanaume wenye nguvu, wakipiga kelele.  Nilikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, nimesimama katika ukumbi wa nyumba yangu mwenyewe na sijui nifanye nini.

Ndani akakohoa. Kisha akasema, taratibu, kwa huzuni ya mtu anayemlaumu ampendaye:

"Salma. Kwani uliwaitikia karibu?"

Nikakaa chini.  Nilielewa hapo, si yote, lakini ya kutosha. Januari ile mtu alipiga hodi, na mwanamke aliyelelewa vizuri akaitika kwa neno la adabu, kabla hajafikiri. Na leo mimi, kwa sauti ambayo watu husema ni ya mama yangu mtupu, nimeitika kutoka jikoni.

"Yule mwanamke wa bara nnamsikia," akaendelea, na kikohozi kikamkata. "Yeye ndiye mkubwa wao. Yeye akiondoka wataondoka wote."

Nikageuka. Violeth alikuwa mwisho wa ukumbi, amejibana ukutani, aproni mdomoni.

"Violeth, njoo," nikamwambia. "Anadhani wewe ndiye uliyewaleta."

"Nimewaleta akina nani, mama?"

"Watu. Wa zamani. Waambie waondoke. Ongea nao kama wao, asikie."

"Kama wao akina nani?"

Alinitazama usoni. Violeth si mjinga. Mezani kwetu tumesema "watu wa bara" hivi, "watu wa bara" vile, naye amesimama na sinia mkononi akitugawia wali. Nikayakwepa macho yale; moshi ulikuwa umeshatufika magotini.

"Nisaidie, mwanangu," nikasema. "Nnakuomba."

Akafuta uso kwa mkono wa gauni. Akauvuta mgongo wake ukanyooka, na alipofungua mdomo haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mgambo, ya mtu aliyezoea kuwaamrisha wengine na kutiiwa.

"Haya! Jamani, twendeni! Huyu hayupo!" Akaupiga mlango kofi moja. "Nyumba tupu hii, kimebaki kibibi tu. Nimesema twendeni! Mnasubiri nini?"

Majid aliachama. Violeth akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. "Wewe nawe! Nyanyua miguu! Toka!"

Mwanangu akaelewa, Mungu amlipe kheri. Akaenda akikanyaga kwa vishindo, akiiburuta sururu juu ya marumaru, chuma kikilia ukumbi mzima. Violeth nyuma yake anafoka, anatukana hata, akiwataja kwa majina watu ambao hawapo. "Mrisho, acha hicho! Kondo, funga mlango!" Mlango mkubwa ukabamizwa. Sauti yake ikaendelea uani, ikapita getini, ikawa mbali, twendeni, twendeni, na ilivyokuwa inafifia mimi mwenyewe nilisahau kwamba ni mchezo. Nilimwogopa. Nasema kweli, nilimwogopa msichana anayenikanda miguu ikiuma, na nilifurahi kwamba ameondoka.

 Nikavua viatu. Nikalala kifudifudi karibu na mlango, khanga mdomoni, macho yananiwasha.

"Salma?"

"Nipo."

"Washakwenda?"

"Washakwenda."

"Wote?"

"Wote. Nifungulie."

  Nilikuwa nimefumba macho nasoma kila aya ninayoijua, nazichanganya. Nikasikia kiti kikiburutwa, kikikwama, kikiburutwa tena. Nikasikia ufunguo ukikosa tundu, ukatafuta, ukakosa. Kisha ukaingia.

Niliusukuma mlango kwa bega. Moshi ukatoka wote kwa pamoja ukanipiga usoni, na nyuma yake nikamwona amepiga magoti, kanzu yake ya dishdasha imeungua pindoni, ndevu zina majivu. Chetezo kilikuwa kimepinduka juu ya zulia na majalada ya kitabu chake yalikuwa yanashika moto taratibu, nakala zote za ndani ya kabati, zimerundikwa. Nikamshika kwapani nikamvuta. Hakuwa mzito. Majid, aliyekuwa amezunguka kwa mlango wa jikoni, akaturuka sote wawili na mtungi wa kuzimia moto, na nikasikia unavyofoka kule ndani. Nje ya geti king'ora kilikuwa kimefika, na Violeth, kwa sauti yake ya kawaida sasa, alikuwa anawasihi watu wa zimamoto waende polepole, mzee ana hofu, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza: "Shway shway, Baba kabiri, khofu, khofu!"

Nilimlaza ukumbini, kichwa chake pajani pangu, nikampepea kwa ncha ya khanga. Alikuwa anapumua. Kila pumzi ilikuwa na mluzi ndani yake, lakini ilikuja, na nyingine ikafuata. Akaniinulia mkono akanigusa shavu kwa vidole vyeusi vya masizi, polepole, kama anayethibitisha.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa stoo, nimejifungia, nyuma ya magunia. Ulivyokuwa ukiniita nilikusikia. Ukasema nifungulie. Nikasema, wanamlazimisha, nikifungua tutakufa sote." Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni, wala hakuyafuta. "Nimekaa humo mpaka ukanyamaza."

Niliendelea kumpepea.

"Wamekufanya nini, Salma?"

Maisha yangu yote nimetaka kujua mama yangu alikufaje. Aliyejua alikuwa amelala mapajani pangu, na yeye ndiye alikuwa ananiuliza. Ningeweza kumwambia: mie si Salma, mie Nasriya, hebu niambie wewe. Labda angeniambia. Leo mlango ulikuwa wazi. Lakini nilikuwa nimeweka kiganja juu ya kifua chake, na moyo ulikuwa unagonga bila mpango, unakimbia, unasimama, unakimbia. Nilimwogopea. Na mimi mwenyewe niliogopa, niliogopa jibu kuliko nilivyouogopa moto.

"Hawakunifanya kitu," nikasema.

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akafumba macho. Chini ya kiganja changu moyo ukaanza kutulia kidogo kidogo. Nikadhani amelala. Nikaanza kuzivuta ndevu zake nizitoe majivu, ndipo akayafungua tena macho, makubwa, yamejaa hofu ile ile, akaushika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Na mtoto je? Ulikwenda nao mlangoni umempakata."

Mtoto huyo nilikuwa mimi.

"Mtoto hajambo," nikamwambia. "Hakuona kitu."